Ilimba, Gitaa la Kukwaruza na Reli ya TAZARA: Ushauri kwa Wapenzi wa Saikedeliki wa Njombe na Makambako

Mwaka 1975 utandikaji wa reli ya TAZARA ulikamilika: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Makambako ikapata stesheni yake njiani. Mwaka huohuo, nchini Zambia, ambako reli hiyo inaishia, bendi ya Amanaz ilitoa albamu iitwayo Africa na bendi ya WITCH ikatoa Lazy Bones!!. Humo magitaa yanakwaruza, ngoma zinazunguka palepale mpaka mtu anasahau wimbo ulianza lini, na sauti za waimbaji zinafika kama zinatoka bonde la pili. Muziki huo ukajulikana kama Zamrock. Leo wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani wanagombea nakala za kwanza kwa bei kubwa, huku vijana wengi wa Makambako, waliokua na honi ya treni hiyo masikioni, hawajawahi kuzisikia.

Ushauri huu ni kwa yule anayeupenda muziki wa saikedeliki, au aliyeanza tu kuusikia, akiwa Njombe mjini, Makambako, Ludewa au Makete. Wengi wa aina yake huanzia mbali: London, San Francisco, orodha za nyimbo mia bora. Wanajikuta wanaiga sauti za watu ambao nao walikuwa wanatafuta vyombo vya Afrika na India. Anayeanzia jirani anafika haraka zaidi, kwa sababu karibu kila kitu kinachoufanya muziki huu uwe ulivyo kipo tayari kati ya Dodoma, Iringa na Ukanda wa Shaba wa Zambia.

Kinachoufanya uwe saikedeliki

Muziki huu ulipata jina Uingereza na Marekani katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1966 Beatles waliifunga albamu ya Revolver kwa wimbo uliokaa karibu wote juu ya kodi (chord) moja, huku vipande vya tepu vikizungushwa na vingine kuchezwa kinyumenyume. Wapigaji wa foki nao walishika njia yao. Robin Williamson wa bendi ya Incredible String Band ya Scotland alisafiri hadi Morocco, akarudi na vyombo vya huko, na albamu yao ya 1967, The 5000 Spirits or the Layers of the Onion, ikavichanganya na magitaa ya kawaida.

Ukiondoa mavazi ya rangi na picha za majalada, yanabaki mambo manne. Kuna kipande kifupi kinachorudiwa bila haraka ya kwenda kwenye kiitikio. Kuna sauti moja inayoshikiliwa chini muda wote. Kuna mkwaruzo au mvumo unaoivika noti ukungu. Na kuna mwangwi unaofanya chumba kidogo kisikike kikubwa.

Sasa msomaji aichukue ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Fundi huacha tundu kwenye sanduku, kisha hulifunika kwa utando wa mayai ya buibui. Utando huo ndio unaovuma kila chuma kinapopigwa. Wapigaji wa gitaa wa London walitengenezewa mkwaruzo wao kwa transista. Wagogo waliupata kwa buibui. Ilimba kubwa ina pia vyuma ambavyo havipigwi kabisa, vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe vyuma vingine vinapolia. Sitari ya India, ambayo George Harrison aliiingiza kwenye nyimbo za Beatles mwaka 1965, ina nyuzi za chini zinazofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Hata ngazi ya sauti ina habari yake. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, ameeleza kuwa ngazi ya Wagogo inatokana na mitetemo ya asili ya sauti moja, kuanzia mtetemo wa nne kwenda juu hadi kama wa tisa. Kwa lugha ya kinanda, hizo ni do, mi, so, ti iliyoshushwa, do ya juu na re. Lakini ti hiyo imeshuka kidogo zaidi ya ti iliyoshushwa ya kinanda, na hapo ndipo sikio lililozoea nyimbo za studio linaposhtuka kidogo na kutaka kusikia tena.

Pa kuanzia kusikiliza

Wa kwanza ni Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo wa mkoa wa Dodoma, akahamia Bagamoyo, akawa mwalimu na mpigaji wa ilimba na zeze aliyezunguka dunia hadi kifo chake Desemba 2003. Msikilizaji aanze na Chibite, albamu ya 1996 iliyotolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Hakuna umeme humo, na bado ni saikedeliki kuliko nyingi zenye umeme. Akishaizoea, aende kwenye Assembly, ambayo Zawose aliifanya pamoja na mpigaji wa gitaa Michael Brook, asikie ilimba ikikutana na mwangwi wa studio. Kisha amsikilize mwanawe, Msafiri Zawose, katika Uhamiaji ya mwaka 2017, ambamo vyombo vya Kigogo vimefungamanishwa na sinthesaiza. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens, na safari hii wanawake ndio walio mbele. Ukoo mmoja, rekodi nne, na njia nzima kutoka kijijini hadi kwenye mashine inasikika.

Wa pili ni Patrick Balisidya, naye mtu wa Dodoma, kiongozi wa Afro 70. Wazee wa zilipendwa wanamjua kwa Harusi. Wachache wanajua kwamba mwaka 1979 Afro 70 walitoa albamu Bado Kijana wakiwa pamoja na Archimedes Badkar, bendi ya Sweden iliyochanganya roki, jazi na midundo ya nchi mbalimbali. Kwa mtu anayetafuta mahali ambapo Kiswahili na michanganyo ya aina hiyo vilikutana uso kwa uso, hiyo ndiyo rekodi ya kutafuta. Ndani yake Mtanzania hakualikwa kupamba wimbo wa mgeni. Jina la albamu lenyewe ni la Kiswahili.

Watatu ni The Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970 iliyouita mtindo wake kitoto. Walichanganya roki, soul na midundo ya nyumbani. Bendi ilivunjika, na rekodi zake za kati ya 1973 na 1976 zikakaa kimya kwa miaka 40 hadi kampuni ya Strut ya London ilipozikusanya na kuzitoa upya mwaka 2016 kwa jina la Ave Africa.

Hapo ndipo msikilizaji apande treni kwa masikio kwenda Zambia. WITCH aanze nao kwa Introduction ya 1972, kisha Lazy Bones!!. Kiongozi wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, kwa kumfuata Mick Jagger. Musi-O-Tunya, bendi iliyojipa jina la maporomoko ya Zambezi, ilifanya kazi zake Nairobi, na Wings of Africa yao ina ngoma nyingi kuliko Zamrock nyingine. Paul Ngozi ana gitaa zito lenye mkwaruzo, na aliimba mambo ya mtaani kwa lugha za mtaani. Ndiyo sababu watu wa kawaida walimshika.

Akitoka hapo aende Kinshasa. Konono N°1, kundi lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, liliziunganisha likembe na vipaza sauti ili zisikike juu ya kelele za jiji. Mikrofoni zao zilitengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na sauti ikatoka imechanika. Badala ya kuurekebisha mchaniko huo waliufanya ndio muziki. Albamu yao Congotronics imewafundisha wapigaji wengi wa Ulaya kwamba likembe, ambayo ni ndugu wa ilimba, inaweza kunguruma.

Ulaya na Marekani zije mwisho, na zitaeleweka vizuri zaidi.

Namna ya kusikiliza

Spika ya simu inaua muziki huu. Haina besi, haina pande mbili, na mkwaruzo wa gitaa unasikika kama hitilafu. Earphone za bei ya kawaida zinatosha, mradi zivaliwe kwenye masikio yote mawili. Katika rekodi nyingi za miaka ile gitaa liliwekwa kushoto na ngoma kulia, kwa hiyo anayemgawia mwenzake earphone moja anabakiwa na nusu ya wimbo. Mwenye sabufa apunguze besi. Nyingi zimepangwa kwa ajili ya Bongo Fleva na singeli, na besi ikizidi inafunika vyuma vya ilimba na sauti za juu za zeze.

Asikilize albamu nzima, upande wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu wimbo mmoja uliokatwa katikati hauna muda wa kufanya kazi yake. Bando likiwa tatizo, apakue usiku wakati bei iko chini na aweke kwenye memori kadi. Anayepeleka flashi kibandani kuwekewa nyimbo aombe mafaili makubwa. Mwangwi ndicho kitu cha kwanza kupotea nyimbo zinapobanwa sana.

Kuna zoezi moja linalofundisha kuliko maelezo. Albamu Africa ya Amanaz ipo katika michanganyo miwili: mmoja mkavu, mwingine wenye mwangwi mwingi. Nyimbo ni zilezile, na watu ni walewale. Asikilize wimbo mmoja kwa mkavu, kisha kwa wenye mwangwi, na aandike kilichobadilika: nani amesogea mbali, nani amebaki karibu, maneno gani yamepotea. Prodyuza kijana wa Njombe akilifanya zoezi hilo kwa nyimbo tano atakuwa amejifunza kuchanganya sauti kwa bei ya bando tu.

Kupiga: vyombo vya karibu, umeme kidogo

Anayetaka kupiga asianze kwa kununua. Aanze kwa kuuliza nani katika kata yake bado anapiga chombo cha asili. Wahehe, majirani wa Wabena upande wa Iringa, wana ligombo: ubao mrefu uliochongwa ukaachwa na shimo, na uzi unaopitishwa juu yake mara kadhaa. Mpigaji huukwanyua akiimba kwa sauti ya chini, akirudia mstari uleule. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi vyombo hivi, na kazi zake zinahifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ambayo orodha yake inapatikana kwa intaneti. Ukishuka Ludewa hadi mwambao wa Ziwa Nyasa unaikuta mganda, yenye ngoma nzito na mistari ya wachezaji wanaokwenda kwa hatua za gwaride. Mdundo wa mganda ukipigwa polepole kidogo na kuwekewa gitaa moja linaloshikilia noti ya chini, hauhitaji kuongezewa kitu kingine.

Mpigaji wa gitaa alegeze uzi wa sita kutoka E hadi D. Aache uzi huo na wa nne, ambao nao ni D, vilie muda wote, na apige wimbo kwenye nyuzi za juu. Akipiga na ilimba, asiilazimishe ifuate kinanda. Kuikwangua au kusukuma vyuma ili ifanane na kinanda kunaiua ile ti iliyoshuka, na pamoja nayo ladha yote. Gitaa ndilo lifuate ilimba: mpigaji asikilize chuma kimojakimoja na kukaza nyuzi zake kwa sikio. Kinanda kinyamaze kabisa, au kishikilie noti moja tu ambayo vyombo vyote vinakubaliana nayo.

Ili ilimba au ligombo lisikike ukumbini, kinachohitajika ni kile kisahani chembamba cha shaba kinachokaa ndani ya vifaa vinavyolia pii, kama kengele za umeme na saa za mezani. Fundi redio wa stendi anacho au anajua pa kukipata. Kinabandikwa kwenye ubao wa chombo kwa gundi ya karatasi, kinaunganishwa na waya wa gitaa, na kinaingia kwenye amplifaya. Kikitoa sauti kali sana, kitambaa kidogo kati yake na ubao kitaituliza.

Mkwaruzo nao si anasa. Pedali ya Fuzz Face, iliyoanza kuuzwa London mwaka 1966 na baadaye kushikwa na Jimi Hendrix, ina transista mbili tu na vipuri vichache vinavyohesabika kwa vidole. Mchoro wake umeenea kwenye intaneti, na fundi anayefufua redio za zamani atausoma bila shida. La kuzingatia ni kwamba itumie betri ya volti 9. Hakuna sababu ya kuunganisha kifaa cha kutengeneza nyumbani na umeme wa ukutani, hasa kwa mtu anayeshika nyuzi za chuma.

Mwangwi wa kurudia unapatikana bure kwenye programu za simu kama BandLab, na kwa kompyuta kwenye Audacity. Wengi huuweka kwa kubahatisha, halafu wimbo unagombana na ngoma. Hesabu yake ni rahisi: 60,000 igawanywe kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 100 unapata milisekunde 600. Anayetaka mwangwi unaokimbia kati ya mapigo achukue robo tatu ya hiyo, yaani 450. Apige noti chache, aache mwangwi ujaze nafasi.

Baridi ya Njombe pia ina la kusema. Juni na Julai ngozi ya ngoma hunyonya unyevu na kulegea, na gitaa lililotoka nje likaingia ukumbi wenye watu mia hubadilika sauti ndani ya dakika chache. Ngoma zikaushwe motoni kabla ya onyesho, kwa umbali wa kuhisi joto bila ngozi kuungua. Gitaa liingie ukumbini mapema, litoke kwenye mfuko, likazwe nyuzi likishazoea hewa.

Waimbaji hawatafutwi mbali. Kwaya za Kilutheri na Kikatoliki za mkoa huu zimezaa watu wanaojua kushika sauti ya pili na ya tatu bila kuyumba, na muziki wenye mwangwi unapenda sauti nyingi zilizopangwa kuliko mwimbaji mmoja anayepiga kelele. Lugha iwe ile ambayo mwimbaji huota ndoto kwayo: Kibena, Kipangwa, Kikinga, Kiswahili. Hapo somo la Paul Ngozi linafaa.

Kwenda kwa wazee

Kila anayetaka kuchanganya asili na umeme atafika siku moja kwa mzee mwenye chombo. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kijana anafika na simu mkononi, anarekodi dakika kumi, anaondoka, na baada ya mwaka mzee anasikia sauti yake redioni ndani ya wimbo wa mtu mwingine.

Afike kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji aeleze nia yake. Kwa mzee aingie kwa salamu ya kamwene, akae, aulize habari za nyumbani na shamba, na simu ibaki mfukoni mpaka mzee mwenyewe aulize amekuja na shida gani. Aseme wazi kama anarekodi kwa kujifunza, au kwa kuuza. Kama ni kuuza, wakubaliane kiasi na mgawo, waandike kwenye karatasi mbele ya shahidi, na mzee abaki na nakala. Jina la mzee na la kijiji liandikwe kwenye kila toleo la wimbo, kama mzee ameridhia.

Msimu wa mvua, ulanzi unapokuwa mwingi, vilabuni kunakuwa na nyimbo zisizosikika pengine popote. Anayetaka kurekodi huko awahi, kabla watu hawajawa wengi na sauti hazijapanda. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili isiite katikati ya wimbo. Ikae kwenye kitambaa kilichokunjwa, hatua mbili hivi kutoka kwa mpigaji, na tundu la maiki lifunikwe kwa sponji nyembamba kuzuia upepo. Chini ya bati asirekodi wakati wa mvua. Nyumba ya nyasi au kivuli cha mti ni studio bora. Faili lihifadhiwe katika muundo wa WAV, na nakala zikae mahali pawili tofauti, mojawapo kwa familia ya mzee. The Sunburst walisikika tena baada ya miaka 40 kwa sababu kuna mahali rekodi zilibaki salama.

Jukwaa, bendi na somo la Ukanda wa Shaba

Makambako ina faida ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli inapita papo hapo. Kundi la Makambako linaweza kupiga Iringa, Mbeya au Songea na kurudi bila kubadilisha magari mara tatu. Mbeya kuna Tamasha la Ngoma za Jadi la Tulia. Bagamoyo kuna tamasha la kila mwaka la chuo cha sanaa, TaSUBa, ambako vikundi vya asili hupata wasikilizaji kutoka nje. Zanzibar kuna Sauti za Busara, tamasha la Februari lililoanza 2004. Anayeota Zambia aulize stesheni ratiba ya treni ya abiria kabla ya kupanga, kwa maana hubadilika.

Nyumbani aanze na watu watatu: gitaa, chombo cha asili, ngoma. Kundi dogo linaingia kwenye bajaji na vifaa vyake, linalipika, na halimlazimishi mtu yeyote kuuza shamba. Onyesho la kwanza lisiwe kwenye baa inayosubiri singeli. Lifanyike mchana shuleni au ukumbi wa kata, kwa kiingilio kidogo, wazee waliotoa nyimbo wakiwa wamealikwa na kukalishwa mbele. Afisa utamaduni wa halmashauri aarifiwe mapema. Historia inaonyesha jinsi muziki mgeni wa vijana unavyoweza kuwekewa shaka: Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Wazee wanaposikia nyimbo zao wenyewe ndani ya magitaa, shaka hupungua.

Halafu kuna Mchuchuma, wilayani Ludewa. Makaa ya mawe ya Mchuchuma yanakadiriwa kuwa tani milioni 428, na chuma cha jirani yake Liganga tani milioni 126. Mkataba wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ulisainiwa mwaka 2011, na mpango ulitaja kituo cha umeme wa makaa cha megawati 600. Wilaya ya Ludewa imesubiri mgodi huo mkubwa miaka mingi. Ukija kwa nguvu zote utaleta wafanyakazi wenye mishahara, kumbi na usiku wenye watu.

Zamrock ilikulia katika mazingira kama hayo. Mishahara ya migodi ya shaba ilinunua magitaa, ilijaza kumbi na ilinunua santuri. Bei ya shaba iliposhuka katikati ya miaka ya 1970, fedha za kulipia maonyesho zikakauka na bendi zikaanza kusambaratika. Jagari aliacha jukwaa, akafundisha, baadaye akachimba vito. Alirudi mzee, baada ya kampuni ya Now-Again ya Los Angeles kutoa upya rekodi za WITCH; filamu kuhusu bendi hiyo ilitoka 2019 na albamu mpya, Zango, mwaka 2023. Wengi wa wenzake wa mwanzo walikuwa wameshafariki. Kwa hiyo kundi la Ludewa au Makambako lisiuegemeze muziki wake kwenye mgodi mmoja. Lijenge wasikilizaji wa shule, makanisa, matamasha na redio za mkoa sasa, ili fedha za mgodi zikija ziwe nyongeza, na zikiondoka lisife.

Karatasi na sheria

Wimbo ukikamilika usajiliwe COSOTA kabla haujapelekwa redioni, na kundi lijisajili BASATA kabla ya kupanga maonyesho ya kulipiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, kwa hiyo anayetumia wimbo wa kale wa Wapangwa au Wabena kibiashara aulize BASATA kuhusu kibali badala ya kudhani kwamba wimbo usio na mtunzi anayejulikana ni wa kuokota. Ndani ya kundi, mgawo uandikwe siku ya kwanza, kabla ya fedha yoyote kuonekana.

Bangi haina nafasi katika haya yote. Muziki huu umebebeshwa sifa hiyo tangu miaka ya 1960, na wapo vijana wanaodhani huwezi kuusikia vizuri bila kuvuta. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya ni kali, na kundi lenye kesi halipati ukumbi wala kibali. Mvumo wa ilimba unatoka kwenye utando wa buibui na mwangwi ni hesabu ya milisekunde. Vyote vinasikika vizuri zaidi kichwa kikiwa safi.

Aliyesoma hadi hapa achague jambo moja la wiki hii. Atafute Chibite na Africa azisikilize mfululizo, au aende kwa mzee mmoja wa kata yake anayejua ligombo, mganda au ilimba na aombe kufundishwa. Bora zaidi ni la pili: albamu zitaendelea kupatikana, lakini wapigaji hao wanazidi kupungua.